Osborne Reynolds: Profesa aliyefichua kazi ya oili ndani ya beringi

MWENYE mashine ya kusaga nafaka, pampu ya kumwagilia au trekta anajua kwamba injini ikinoki, hasara haiishii kwenye spea. Wateja wanahamia kwa jirani, bustani inakauka, na shamba linachelewa kulimwa wakati mvua haimsubiri mtu. Mara nyingi chanzo cha balaa hilo ni sehemu ndogo ambayo mwenye mashine hajawahi kuiona kwa macho yake: beringi zinazobeba krankishafti, yaani ule mhimili wa chuma unaozungushwa na pistoni.

Beringi hizo hazina gololi kama zile za gurudumu la baiskeli. Ni vipande vyembamba vya chuma chenye ngozi laini, vyenye umbo la nusu duara, vinavyofungwa viwili viwili na kuukumbatia mhimili. Kinachozuia chuma kisisagane na chuma ni oili. Namna oili hiyo inavyoweza kubeba mzigo mzito bila kukamuliwa yote nje ilikuwa fumbo kwa mafundi kwa miaka mingi, hadi mwaka 1886, pale profesa mmoja wa mji wa Manchester, Uingereza, alipotoa maelezo kamili. Jina lake ni Osborne Reynolds.

Wahandisi duniani kote wanalijua jina hilo kutoka vitabu vya chuo. Wakulima na wafanyabiashara wadogo wanaotumia injini kila siku hawalisikii sana, ingawa matokeo ya kazi yake yamo ndani ya kila injini wanayoiwasha.

Mtoto wa kasisi aliyependa zana

Reynolds alizaliwa Agosti 23, 1842 mjini Belfast, Ireland, katika ukoo wa makasisi wa Kanisa la Anglikana. Baba yake alikuwa kasisi na mwalimu mkuu wa shule, lakini vilevile alikuwa mtaalamu wa hesabu aliyependa sana mitambo. Alipata hataza kadhaa kwa ajili ya kuboresha zana za kilimo. Kwa hiyo kijana huyo alikua katika nyumba ambamo hesabu na zana za shamba vilizungumzwa pamoja.

Familia ilihamia Dedham, katika jimbo la Essex, eneo la kilimo mashariki mwa Uingereza. Baba ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza. Mwaka 1861, badala ya kwenda moja kwa moja chuo kikuu kama watoto wengi wa familia za aina yake, aliingia kuwa mwanagenzi katika karakana ya Edward Hayes huko Stony Stratford. Hapo alijifunza kazi kwa mikono: kukata chuma, kuunganisha sehemu za injini, na kuona mwenyewe jinsi vitu vinavyoharibika.

Karakana ilimwonyesha pia upungufu wake. Aliona kwamba kuna mambo ambayo ufundi wa mikono peke yake hauwezi kuyaeleza, na kwamba bila hesabu angebaki kurudia yale waliyofanya waliomtangulia. Alikwenda Chuo Kikuu cha Cambridge, akahitimu katika hesabu mwaka 1867 akiwa wa saba katika orodha ya waliofaulu kwa daraja la juu. Baada ya hapo alifanya kazi kwa muda mfupi katika ofisi ya mhandisi wa ujenzi mjini London.

Mwaka 1868, akiwa na umri wa miaka 25 tu, aliteuliwa kuwa profesa wa uhandisi katika Chuo cha Owens mjini Manchester, ambacho baadaye kilikuwa msingi wa Chuo Kikuu cha Manchester. Wakati huo maprofesa wa uhandisi nchini Uingereza walikuwa wa kuhesabika, kwani wenye viwanda wengi waliamini kwamba ufundi hujifunzwa karakanani na si darasani. Reynolds alikaa katika kiti hicho kwa miaka 37.

Mwaka huohuo alioa, lakini mkewe alifariki mwaka uliofuata. Alioa tena mwaka 1881, na katika ndoa hiyo ya pili alipata watoto wanne, wavulana watatu na msichana mmoja.

Mji ulioishi kwa mihimili

Manchester ya wakati ule ilikuwa kitovu cha viwanda vya pamba. Katika kiwanda kimoja injini kubwa ya mvuke ilizungusha mihimili mirefu iliyopita juu ya vichwa vya wafanyakazi, na mikanda ikashusha nguvu hiyo hadi kwenye kila mashine ya kusokota na kufuma. Kila mahali mhimili uliposhikiliwa palikuwa na beringi, na kila beringi ilikula sehemu ya nguvu kwa msuguano. Msuguano huo ulilipiwa kwa makaa ya mawe. Kwa maneno mengine, mwenye kiwanda alinunua makaa ambayo sehemu yake haikufuma hata uzi mmoja, bali ilipasha moto chuma na mafuta.

Hali ilikuwa hivyo pia katika reli. Beringi ya ekseli ya behewa ilipokosa mafuta ilipata moto, ikaanza kutoa moshi, na wakati mwingine ekseli ilikatika safari ikiwa haijaisha. Jambo la kushangaza ni kwamba mabehewa mawili ya aina moja, yakitiwa mafuta ya aina moja, yangeweza kuwa na matokeo tofauti kabisa. Vipimo vya msuguano vilivyofanywa na watu mbalimbali havikulingana, na hakuna aliyejua kwa nini.

Reynolds mwenyewe alianza na mambo mengine. Mwaka 1875 alipata hataza ya pampu ya mzunguko yenye mabawa ya kuongoza maji yanapotoka, wazo ambalo baadaye liliingia katika pampu za kusukuma maji umbali mrefu. Mwaka 1883 alitoa matokeo ya jaribio lake mashuhuri la maji yanayopita katika bomba la kioo. Aliingiza uzi mwembamba wa rangi katikati ya maji na kuona kwamba maji yakienda polepole uzi hunyooka, na yakizidi kasi fulani huvurugika ghafla. Kipimo kinachotenganisha hali hizo mbili ndicho kinachoitwa hadi leo namba ya Reynolds.

Kizibo kilichoruka

Mwaka huo huo wa 1883 ndipo lilipojitokeza tukio lililomwelekeza Reynolds kwenye beringi. Taasisi ya Wahandisi Mitambo ya Uingereza ilikuwa imemwajiri mhandisi Beauchamp Tower kupima msuguano wa mihimili. Tower alitengeneza mtambo wenye mhimili wa chuma wa kipenyo cha inchi 4, sawa na sentimita 10 hivi. Beringi yake, yenye urefu wa inchi 6, ilikaa juu ya mhimili na kubebeshwa mzigo, huku sehemu ya chini ya mhimili ikizunguka ndani ya beseni la mafuta.

Tower aliona kwamba kwa beseni la mafuta msuguano ulikuwa mdogo mno, kiasi cha sehemu moja au mbili kwa elfu ya mzigo. Alipotumia njia za kawaida za wakati ule, yaani utambi wa kudondosha mafuta au kitambaa kilicholoweshwa, msuguano uliongezeka kwa mara sita hadi saba. Mhimili, mzigo na mafuta vilikuwa vilevile. Kilichobadilika ni wingi wa mafuta yaliyofika mahali panapohusika.

Halafu akatoboa tundu katikati ya sehemu ya juu ya beringi, mahali ambapo mafundi wengi walizoea kutilia mafuta. Mtambo ulipowashwa, mafuta hayakuingia katika tundu hilo. Yalipanda na kumwagika nje. Tower akaziba tundu kwa kizibo cha gome laini, kikasukumwa nje. Akaweka kizibo cha mti, nacho kikatoka. Mwishowe alifunga kipima presha juu ya tundu, na mshale ukapita paundi 200 kwa kila inchi ya mraba, wakati wastani wa mzigo juu ya beringi ulikuwa paundi 100 tu.

Hapo ilidhihirika kwamba mhimili ulikuwa unaelea. Chuma hakikugusa chuma. Katikati yao palikuwa na utando mwembamba wa mafuta uliobeba mzigo wote, na utando huo ulikuwa na presha kubwa zaidi palepale watu walipokuwa wakijaribu kuingiza mafuta kwa tundu. Ndiyo sababu beringi nyingi zilikuwa zikiungua huku zikitiwa mafuta kila siku: tundu lilikuwa upande usiofaa, na badala ya kuingiza mafuta lilikuwa linayatoa.

Kabari ya mafuta

Tower aliona na kupima, lakini hakueleza presha hiyo ilitoka wapi, kwani katika mtambo wake hapakuwa na pampu ya kusukuma mafuta. Reynolds alichukua matokeo hayo na kuyafanyia hesabu. Andiko lake kuhusu nadharia ya ulainishaji liliwasilishwa mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya Uingereza na kuchapishwa mwaka 1886.

Maelezo yake, yakiwekwa kwa lugha ya kawaida, ni haya. Mhimili huwa mdogo kidogo kuliko tundu la beringi. Kwa sababu ya mzigo, mhimili haukai katikati kabisa. Hukaa upande mmoja, na nafasi kati yake na beringi inakuwa pana upande huu na nyembamba upande ule. Mafuta hushikamana na uso wa mhimili, hivyo mhimili ukizunguka huyaburuta kutoka kwenye nafasi pana kuelekea kwenye nafasi nyembamba. Kwa kuwa yana mnato, mafuta hayawezi kukimbia pembeni upesi. Yanabanwa, presha yanapanda, na yanauinua mhimili kama kabari inavyoinua gogo.

Hivyo basi yanahitajika mambo matatu kwa pamoja: nafasi inayokwenda ikipungua, mwendo, na mafuta yenye mnato wa kutosha. Likikosekana moja, kabari haipo na chuma kinakaa juu ya chuma.

Reynolds hakuishia hapo. Alipima mwenyewe mnato wa mafuta ya zeituni katika viwango mbalimbali vya joto, na akaonyesha jinsi unavyoshuka haraka joto linapopanda. Alipoingiza mabadiliko hayo katika hesabu zake, matokeo yalikaribiana sana na vipimo vya Tower. Vipimo vilivyowasumbua watu kwa miaka mingi kwa kutolingana sasa vilikuwa na maelezo: kila mmoja alikuwa akipima beringi yenye kiasi tofauti cha mafuta, joto tofauti na mwendo tofauti.

Mlinganyo aliouandika mwaka huo unaitwa mlinganyo wa Reynolds, na ndio msingi wa hesabu za beringi za injini hadi leo, ingawa sasa kazi hiyo hufanywa kwa kompyuta.

Maana yake kwa mwenye injini

Katika injini ya kawaida, nafasi kati ya krankishafti na beringi yake hukadiriwa kuwa sehemu moja kwa elfu ya kipenyo cha mhimili. Mhimili wa milimita 60 una nafasi ya milimita 0.06 hivi, ambayo inakaribia unene wa unywele. Injini ikiwa imebeba mzigo, utando wa oili mahali pembamba kabisa unaweza kuwa na unene wa elfu chache tu za milimita. Injini inayozunguka mara 1,500 kwa dakika, ikifanya kazi saa 10, huzunguka mara 900,000 juu ya utando huo kwa siku moja.

Kutokana na kazi ya Reynolds, yapo mambo kadhaa ambayo mwenye mashine anaweza kuyaelewa bila kwenda chuo.

Kwanza, kuwasha. Mhimili uliosimama hauna kabari. Sekunde za mwanzo, kabla oili haijafika kila mahali, ndipo chuma kinapogusana. Injini inayowashwa na kubebeshwa mzigo papo hapo hulika zaidi kuliko inayoachwa izunguke taratibu kwanza. Kadhalika, injini iliyofunguliwa na kufungwa upya inatakiwa kupakwa oili kwenye beringi zake kabla ya kuwashwa mara ya kwanza.

Pili, mnato. Oili nyepesi mno hushindwa kushikilia kabari injini ikipata moto, na oili nzito mno huchelewa kufika injini ikiwa baridi. Aina iliyoandikwa katika kitabu cha mashine ilichaguliwa kwa kuzingatia mambo hayo mawili. Oili iliyoingiliwa na dizeli huwa nyepesi kuliko inavyopaswa, hata kama kiwango chake kwenye kijiti cha kupimia kinaonekana kimejaa.

Tatu, uchafu. Chembe ya mchanga iliyo nene kuliko utando wa oili haiwezi kupita bila kukwangua. Ndiyo maana filta na kifuniko cha kutilia oili ni vitu vya thamani kubwa kuliko bei yake, hasa katika mashine zinazofanya kazi penye vumbi la pumba au la shamba.

Nne, mzigo na mwendo. Mzigo mkubwa kwa mwendo mdogo hupunguza utando. Dereva anayelazimisha trekta kupanda mlima kwa gia kubwa huku injini ikilalamika anazibana beringi wakati kabari ni dhaifu kabisa. Mkanda wa mashine ya kusaga uliokazwa kupita kiasi nao huongeza mzigo kwenye beringi bila kuongeza hata debe moja la unga.

Tano, mahali pa tundu. Kwa mashine zenye bushi zinazotiwa mafuta kwa mkono, kama baadhi ya mashine za kukamua miwa na mikokoteni, tundu la mafuta linafaa kuwa upande usiobeba mzigo. Mafuta yataingia hapo kwa urahisi na kuburutwa hadi panapohitajika.

Ipo pia hesabu ya biashara. Mwenye mashine anaweza kuandika upande mmoja gharama ya oili na filta kwa mwaka. Upande wa pili aandike bei ya beringi mpya, gharama ya kukereza krankishafti, malipo ya fundi, nauli ya kufuata spea mjini, kisha mapato ya siku zote ambazo mashine itakuwa imelala. Hesabu ya mwisho ndiyo ambayo wengi huisahau, na mara nyingi ndiyo kubwa kuliko zote. Anayechelewesha kubadilisha oili ili kubana matumizi amekopa fedha kutoka kwenye krankishafti yake, na deni hilo hulipwa kwa riba kubwa, tena wakati wa msimu.

Mwalimu mgumu, mwisho wa kimya

Reynolds hakuwa mwalimu mwepesi. Wanafunzi walikiri kwamba mihadhara yake ilikuwa migumu kufuatwa, kwani alizoea kuzama katika wazo lililomjia papo hapo na kuacha mada. Hata hivyo, waliovumilia walifaidika. Mmoja wao alikuwa J. J. Thomson, ambaye baadaye aligundua elektroni na kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1906.

Heshima hazikumpita. Alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme mwaka 1877, na mwaka 1888 jumuiya hiyo ilimpa Nishani ya Kifalme. Miaka yake ya mwisho kazini aliielekeza kwenye nadharia kubwa kuhusu maumbile ya ulimwengu mzima, aliyoichapisha mwaka 1903. Nadharia hiyo haikupata wafuasi. Kilichobaki ni zile kazi zilizoanzia kwenye vitu vya kawaida: maji ndani ya bomba na mafuta ndani ya beringi.

Afya yake ilizorota na akili ikachoka. Alistaafu mwaka 1905 na kwenda kuishi Watchet, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Somerset, ambako alifariki Februari 21, 1912 akiwa na umri wa miaka 69. Tower alikuwa ametangulia mwaka 1904.

Wakati huo wengine walikuwa wameanza kuvuna walichopanda. Mwaka 1905 A. G. M. Michell nchini Australia alipata hataza ya beringi yenye vipande vinavyoinama vyenyewe na kutengeneza kabari ya mafuta, kwa kufuata hesabu za Reynolds. Nchini Marekani Albert Kingsbury alifikia wazo hilohilo peke yake, baada ya kusoma andiko la mwaka 1886. Beringi za aina hiyo ndizo zilizowezesha kujengwa kwa meli kubwa na mitambo mizito ya umeme wa maji, ambayo beringi za zamani zisingeweza kuibeba.

Katika kinu cha kijijini kanuni ni ileile, ila kipimo ni kidogo. Kijiti cha kupimia oili hutolewa, hufutwa na kusomwa kabla ya kuwasha, mashine ikiwa imesimama mahali pa usawa. Kazi hiyo haichukui hata dakika mbili. Taa ya oili ikiwaka injini ikiwa kazini, huzimwa hapohapo, hata kama foleni ya wateja ni ndefu, kwa sababu wakati huo kabari imekwisha kuondoka na chuma kinakula chuma.